Tunalipia Spea, Akili Tunataka Bure

Kama umekuwa ukinifuata kutoka mwaka jana, utakumbuka ile video yangu ya "macho ya thao". Ile nilisimama kando ya gari nikasema Nairobi sasa imefika mahali fundi anakulipisha kutumia macho yake. Mlicheka sana. Ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nilichoweka mwezi huo, na wengi mkanitumia stori zenu za mafundi wezi hadi simu ikajaa.

Hiyo video nimeitoa. Hakuna mtu amenilazimisha. Nimeitoa kwa sababu yule mzee alikuwa sawa na mimi nilikuwa mjinga, na ujinga wangu umenigharimu karibu laki moja. Sasa nikaona si haki nifute kimya kimya kama mtu anaficha ushahidi. Wacha niwaambie venye ilienda.

Gari yangu ni ndogo ya Kijapani, ile ya buti, ya 2005. Iliingia Kenya 2012. Sheria yetu hairuhusu gari iliyotumika kuingia ikiwa imepita miaka 8, kwa hivyo hii ilishuka Mombasa ikiwa imebakisha kidogo tu ikataliwe. Sisi huanza kuhesabu hapo bandarini. Mtu anaona namba ya KB anakwambia "hii ni ya 2012", lakini waya, raba na plastiki za hiyo gari zilianza kuzeeka 2005, huko Japani. Niliinunua 2023 ikiwa na miaka 18. Mimi nilikuwa na 21. Tulikuwa karibu rika moja.

Sijutii kuinunua. Nabeba taa, stendi, maiki na mikeka ya kupigia picha, na hizo vitu haziwezi kukaa kwa bodaboda. Kosa langu lilikuwa lingine.

Shida ilianza polepole. Nabonyeza rimoti, milango mitatu inalia "tak", wa nyuma kushoto unanyamaza. Kesho yake asubuhi unafanya. Jioni umekataa. Ukiugonga kwa nguvu unafanya. Wiki nzima iko sawa hadi unasahau, alafu siku ya mvua unakataa tena. Hakuna shida mbaya kama ile ya kuja na kuenda, kwa sababu kila ikienda unajiambia imepona.

Nikaenda Ngara kwa mzee mmoja fundi wa waya. Nilikuwa nimeshajua ugonjwa, si nilikuwa nimeona video mbili?

"Mzee, loki ya mlango wa nyuma imekataa. Mota ni pesa ngapi?"

"Kijana wangu, nani amekwambia ni mota?"

"Si ndiyo huharibika?"

"Inaweza kuwa mota. Inaweza kuwa waya. Inaweza kuwa kufuli yenyewe imekauka. Kuangalia ni thao. Nikishajua, tunaongea ya kutengeneza."

"Thao ya kuangalia? Kuangalia na macho?"

"Eeh. Na macho."

Nikacheka, nikawasha gari, nikaenda kurekodi ile video.

Fundi wa pili nilimpenda mara moja kwa sababu hakuniuliza swali hata moja. Alisema ni mota, 3,500, dakika 45. Nilimuuliza kama inaweza kuwa waya. Akashusha kioo cha huo mlango, akakipandisha. "Mkubwa, kioo inafanya. Umeme uko. Hiyo ni mota." Nikaona huyu ndiye fundi sasa, si yule wa macho. Akaweka mota ya kutoka Japani, loki ikalia "tak" safi kabisa, nikalipa nikifurahi.

Ilifanya wiki tatu.

Nikarudi kwake, akasema ile mota ilikuwa na bahati mbaya, niweke mpya ya 2,500. Hiyo ilifanya siku kumi. Nikaenda kwa fundi wa tatu, huyo akasema mota hazina shida, ni boksi ya kontroli iliyo chini ya dashibodi. 5,500. Ilifanya siku nne. Piga hesabu: 11,500, na mlango bado unafanya ukitaka.

Kufika hapo nikachoka. Nikaanza kuishi na shida. Unajua venye Mkenya huishi na shida, anaipatia hadi jina. Nilikuwa naambia abiria wangu "huo mlango uko na mambo yake", tunacheka, tunaenda.

Ijumaa moja Novemba tulikuwa tumetoka kurekodi Ruiru. Nikapaki katikati ya jiji kununua chakula. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwa kiti cha nyuma, chini, kulikuwa na begi ya kamera na lenzi, na hiyo kamera haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu, tulianza naye hii kazi tukitumia simu moja ya kupasuka kioo. Nilibonyeza rimoti nikikimbia. Nikasikia "tak". Ukiwa na haraka, milango mitatu hulia kama minne.

Nilikaa huko dakika 15. Nikirudi hakuna kioo kilichovunjwa. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Begi haikuwepo.

Nilienda kuripoti nikapewa namba ya OB. Askari akaniuliza, "Walivunja wapi?" Nikamwambia hawakuvunja mahali. Akaacha kuandika, akaniangalia. "Kwa hivyo uliacha wazi." Sikuwa na jibu.

Rafiki yangu hakunipigia kelele. Alinyamaza tu, na ni afadhali angepiga kelele. Alikuwa na kazi mbili wiki hiyo, zote akazikosa. Tulikubaliana nimlipe 85,000, yaani 8,500 kila mwezi kwa miezi kumi. Nimelipa saba. Bado tunaongea, lakini hajawahi kuniazima kitu tena, na simlaumu.

Jumatatu nilirudi Ngara. Nilimpa yule mzee thao kabla hata sijamaliza salamu. Hakunikumbuka, ama alijifanya hakunikumbuka.

Hakugusa kava ya mlango. Kitu cha kwanza alitembea akazunguka gari. Akainama kwa mlango wa nyuma kushoto, akaangalia chini pale watu hukanyaga wakiingia. Akaenda upande wa pili, akaangalia. Akaniuliza, "Hii gari ilikuwa teksi?"

Ilikuwa teksi, mwenyewe wa kwanza aliifanyia kazi miaka minne. Nikamuuliza amejuaje.

"Huku rangi imeisha kwa miguu ya watu. Kule bado inang'aa. Abiria wa teksi hapa kwetu huingilia kushoto, nyuma. Huu mlango umefunguliwa kuliko ile mingine yote."

Alafu akafungua huo mlango hadi mwisho, akaniambia nibonyeze swichi ya loki kwa mlango wa dereva. "Tak." Akaurudisha nusu. "Tak." Akaufunga. Kimya. Akaufungua tena hadi mwisho. "Tak." Nilikuwa nimeishi na hiyo gari mwaka mzima na sijawahi kufanya hiyo majaribio ya sekunde 30.

Kati ya mlango na mwili wa gari, upande wa bawaba, kuna raba nyeusi yenye mikunjo. Ndani yake ndimo waya zote za mlango zinapita. Kila ukifungua mlango zinakunjuka, kila ukifunga zinakunjika. Chukua abiria 15 kwa siku, kila mmoja aufungue akiingia na akitoka, hiyo ni mara 30. Siku 300 kwa mwaka ni mara 9,000. Miaka minne ya teksi ni mara 36,000. Sasa fikiria vile waya ya chaja yako hukatika pale inapokunjwa, na wewe huikunja mara ngapi?

Mzee alichomoa ile raba, akavuta waya moja moja na vidole. Moja ikavutika kama mpira. Kwa nje plastiki yake ilikuwa nzima kabisa, ungeapa haina shida, lakini shaba ndani ilikuwa imekatika. Mlango ukiwa wazi ncha mbili zinagusana, ukifungwa zinaachana. Kioo kilikuwa kinafanya kwa sababu kina waya zake tofauti. Na akanieleza kwa nini kila fundi alionekana kama ametengeneza: kila mtu aliyefungua kava na kuvuta plagi alitikisa hizo waya, shaba ikagusana tena, mota mpya ikapewa sifa. Na lile boksi je? Kwa gari nyingi milango ya abiria hupokea amri moja kutoka mahali pamoja. Ikiwa ile mingine inatii na mmoja umekataa, boksi ndiyo inapaswa kushukiwa mwisho.

Mota yangu ya kwanza bado ilikuwa kwa buti. Alichukua betri, akaigusisha waya mbili, ikasonga upande wa kufunga. Akageuza waya, ikasonga upande wa kufungua. Hivyo ndivyo hizo mota hufanya, umeme ukienda huku zinafunga, ukienda kule zinafungua. Akanirudishia. "Hii ilikuwa nzima."

Alikata pale pabovu, akaunganisha kipande kipya cha waya laini, akachomelea kwa solda mbali na pale panapokunjika ili kisikatike tena, akafunga na tepu. Akapata waya ya pili imeanza kuisha, akaibadilisha pia. Kutengeneza ilikuwa 500. Jumla 1,500. Ni miezi saba sasa na haijawahi kukataa hata siku moja.

Sasa, kitu kilichonifanya niandike hii si waya.

Wiki hiyo hiyo ya kamera, mtu mwenye duka la nguo alinipigia. Anataka video tatu. Nikamtajia bei. Akasema, "Bei gani hiyo? Si ni kushika simu tu na kuongea? Tutakupatia mashati mawili." Nilikata simu nikiwa nawaka. Nilikuwa tayari kurekodi video nzima ya kuwalalamikia. Hawaoni masaa ya kufikiria, hawaoni video mia mbili mbaya nilizotengeneza ndio nijue mwanga unaingilia wapi. Wanaona kidole kikibonyeza.

Alafu nikajiskia. "Thao ya kuangalia? Kuangalia na macho?" Ni sentensi ile ile. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila siku nawaambia hapa kwamba ujuzi si karatasi, kwamba mtu anaweza kujua kitu bila kuvaa joho. Siku mtu amesimama mbele yangu na ujuzi wa miaka mingi, bila koti jeupe, mikono imejaa grisi, akaniambia ujuzi wake ni thao, nikamfanya kichekesho. Ningeenda kwa daktari ningelipa pesa ya kumwona kabla hata ya dawa na nisingeuliza kama anaangalia na macho.

Hiyo ndiyo maoni yangu leo. Sisi Wakenya hatukatai kulipa. Mimi nililipa 11,500 bila kulalamika, kwa sababu kila mara nilipewa kitu cha kushika. Mota unaishika. Boksi unaishika. Kujua hauwezi kushika, kwa hivyo tunaona ni bure. Na fundi naye si mjinga, ameshatusoma. Akisema "thao ya kuangalia" mteja anaenda kwa jirani. Akisema "mota 3,500" mteja anatoa simu analipa. Sisi wenyewe ndio tumewafunza kubadilisha spea bila kupima. Alafu tunasema mafundi wa Nairobi ni wa kubahatisha.

Najua mtasema nini. Kwanza: kuna mafundi watachukua hiyo thao na hawataangalia chochote. Kweli, wako. Lakini kuna njia ya kujua. Muulize amepima nini na akuonyeshe. Fundi aliyepima ataweka mita mbele yako na kukwambia umeme unafika hapa, pale haufiki. Aliyebahatisha atakuambia "hizi gari ndiyo shida yao". Muulize kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA na yuko gredi gani. Si kila fundi mzuri anao, lakini mwenye nao hatakasirika ukiuliza. Na spea ya zamani irudi kwako kila wakati. Bila ile mota kwa buti singejua ukweli.

Pili: pesa hakuna. Hata hiyo naielewa, sikuwa na pesa pia. Lakini kukosa pesa ndiyo sababu ya kupima kwanza. Mtu wa pesa anaweza kukosea mara tatu na asikie tu kuwasha. Mimi makosa matatu yalikuwa kodi ya nyumba.

Kwa wale wako na gari ya rika yangu, haya ndiyo nimejifunza kuhusu loki, na nayaweka hapa bila kulipisha:

Milango yote ikikataa pamoja, usianze kufungua mlango. Jaribu swichi ya ndani kwa mlango wa dereva. Ikiwa swichi inafanya na rimoti haifanyi, anza na betri ya rimoti. Ikiwa zote hazifanyi, angalia fyuzi kwanza.

Mlango mmoja ukinyamaza kabisa, ni mota ama waya wake. Ujaribu ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Ukibadilika kulingana na vile umeufungua, enda kwa ile raba ya bawaba.

Ukisikia mota inalia lakini loki haisongi, gia za plastiki ndani zinaweza kuwa zimeliwa, ama kijiti kinachosukuma loki kimechomoka.

Ikifanya asubuhi baridi na ikachoka mchana jua likiwaka, hapo kweli mota inaweza kuwa imezeeka.

Na ikiwa hata kwa mkono loki ni ngumu, kufuli inahitaji kusafishwa na kupakwa grisi kabla ya kitu kingine. Mota mpya kwa kufuli iliyokauka itakufa tu kama ya kwanza.

Na kabla utengeneze, usiishi na shida kama mimi. Funga huo mlango kwa mkono, kile kidude cha ndani bado kinafanya hata umeme ukikosa. Waonyeshe watu wako wa nyuma venye wanaweza kufungua kwa mkono kutoka ndani, na hakikisha loki ya watoto haijawekwa bila wewe kujua, kwa sababu siku gari imeingia kwa maji si siku ya kufundishana. Ukipaki mjini, usiamini "tak". Vuta milango yote minne. Kuna wezi wana kifaa cha kuzuia rimoti isifike kwa gari, kwa hivyo hata mwenye gari ya jana anapaswa kuvuta. Na kitu cha mtu usikiache kwa kiti.

Kabla niandike hii nilipitia Ngara kumuomba mzee msamaha. Sikuwa najua nianzie wapi, nikamwambia kuna video nilitengeneza kitambo, si nzuri, ni juu yake ingawa sikutaja jina.

"Niliiona," akasema. "Kijana wangu alinionyesha."

Nikabaki nimesimama.

"Unachekesha," akasema, akarudi kwa gari aliyokuwa anatengeneza. Kando yake kulikuwa na mteja, kijana kama mimi, anauliza alternata ni pesa ngapi. Nikasikia mzee akimuuliza, "Nani amekwambia ni alternata?" Kijana akaangalia chini, akafikiria, akauliza kuangalia ni ngapi. Mzee akamwambia. Alilipa.

Mimi yule wa duka la nguo alinipigia tena juzi. Nimemtajia bei ile ile. Bado hajajibu.

Wewe kabla ulale leo, toka nje ubonyeze rimoti, alafu uvute mlango wa nyuma kushoto.